Mwendo wa Arobaini na Tano

Walirudi wakiwa na vitambi. Hilo ndilo nililoliona kwanza kwenye jalada la santuri yao, na sioni sababu ya kulificha. Wanaume watatu wamesimama kando ya gari ambalo si lao, suti zimewabana makwapani, tai pana kama ulimi wa ng'ombe. Mahali ambapo dada yangu angesimama wameweka chungu cha maua. Maua yenyewe ya plastiki.

Aliyenionyesha jalada hilo ni mpiga besi wao. Alinifuata hadi Gatitu, kwenye kiwanda nilikokuwa nikipanga mbao, akalishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa wenyewe.

"Unaonaje?" akaniuliza.

"Naona imetoka."

Alingoja niongeze "vizuri". Sikuongeza. Nilisoma hadi darasa la saba tu, na kusema uongo ni somo ambalo sikulipasi hata nilipokuwa huko. Tabia hii haijaniletea marafiki wengi.

"Tumerudi," akasema.

"Mlikuwa mmeenda wapi?"

Akacheka kama mtu aliyekanyagwa kidole. Hakuwa ameenda popote. Alikuwa karani kwenye kiwanda cha kahawa upande wa kwetu Mukurweini, na miaka yote hiyo nilimwona akipita kwenda kanisani, kalamu tatu zimepangwa mfukoni, mke mbele, watoto nyuma. Mpiga ngoma alikuwa akiangalia josho la ng'ombe. Kiongozi wa bendi, yule aliyekuwa akipiga gitaa huku amelala chali, alikuwa na mashine ya kusaga unga na kiti chake cha mzee wa kanisa. Wote walikuwa pale pale siku zote. Lakini bendi ikinyamaza muda mrefu halafu ikatoa santuri, lazima iseme imerudi, la sivyo watu watauliza ilikuwa ikifanya nini.

Zamani walikuwa wembamba. Miaka ile bendera ilikuwa bado mpya, na kila mtu alikuwa akianzisha kitu: chama cha maziwa, shule, timu ya mpira, kanisa lililojitenga na kanisa lingine. Vijana hawa watatu na dada yangu wakaanzisha bendi. Walikuwa na magitaa mawili na spika iliyokula umeme wa betri ya lori. Ngoma ya kweli ilikuwa moja tu, nyingine zilikuwa mikebe ya mafuta ya kupikia. Hawakujua kupiga polepole. Wimbo wa polepole unadai mtu ajue anachofanya, lakini wimbo wa mbio unaficha mengi, nao walikuwa na mengi ya kuficha. Ulikuwa ukifungua soda wanaanza, na kabla hujaimaliza wamemaliza. Wazee walisema ni kelele za banda la kuku lililoingiwa na kicheche. Vijana walijaa kwenye kumbi za Othaya na Karatina mpaka wengine wakasikilizia madirishani.

Dada yangu aliimba kama anamfokea mwenye duka aliyempunja sukari. Koo lake lilikuwa na mkwaruzo, na hakuwa na subira ya kuvuta pumzi mwisho wa mstari kama watu wengine. Alivuta katikati ya neno, akalimalizia neno lenyewe njiani. Wimbo wake mwenyewe, alioutunga akichuma kahawa, ulihusu msichana aliyesimama Gatitu na kikapu chake, akimngoja kijana aliyeahidi watoroke pamoja kwenda Nairobi. Basi la kwanza linapita. La pili linapita. Mwishowe anafika mdogo wake yule kijana kusema kaka yake hawezi kuja, amebaki kumsaidia baba kuwapaka ng'ombe dawa ya kupe. Basi hapo msichana anautukana mji mzima, kuanzia posta hadi sokoni, hamwachi mtu. Wakristo wazuri hawakuupenda wimbo ule. Binti zao waliujua wote kwa moyo.

Walikuwa wametoa santuri ndogo mbili, na katika zote mbili aliyeimba ni kiongozi, kwa sababu gitaa lilikuwa la kiongozi. Wimbo wa dada yangu ungekuwa wa tatu. Wangeenda Nairobi kuurekodi baada ya mavuno. Kwanza wakaenda Kangari, kwenye nchi ya chai, kupiga ukumbini. Wakarudi nyuma ya lori lisilo na turubai na mvua ikiwanyeshea. Sisemi Kangari ndiko kulikomuua. Kifua chake hakikuwa kizuri tangu utotoni. Nasema tu kwamba alirudi akikohoa, na hakuacha kukohoa mpaka alipoacha vyote.

Tulipomzika Mukurweini, wale watatu walisimama kwenye udongo mwekundu na viatu vyao vyenye ncha, na kiongozi akawaambia waombolezaji, "Bendi itapumzika kidogo." Sijawahi kuona watu wakipumzika vizuri kama wale. Walipumzika mpaka wakaota mashavu.

Mama naye aliifungua redio yake, akatoa betri, akampa jirani aweke kwenye tochi. Redio ikabaki rafuni chini ya kitambaa alichokifuma mwenyewe. Hakuwa amechukia muziki. Aliniambia mara moja tu, na hatukurudia, kwamba kila wimbo ukianza yeye hungoja sauti fulani iingie, na haiingii, naye hawezi kupika huku anangoja.

Kwa hiyo mpiga besi aliponiambia wameutia wimbo wa dada yangu kwenye santuri kubwa, nilimwuliza mambo mawili.

"Nani anauimba?"

"Kiongozi."

"Na dada mmemtaja?"

Inabidi nieleze hapa, kwa vijana wanaosoma. Santuri zetu zina desturi yake. Katikati ya wimbo, magitaa yakibaki peke yake, mwimbaji anaacha kuimba, anasalimia watu. Anasalimia mwenye lori aliyewabeba, mwenye hoteli aliyewalisha, chifu ambaye hajafanya lolote ila ni chifu. Mtu akitajwa kwenye santuri amekuwa mtu. Na marehemu akitajwa, basi katika kila baa kutoka Nyeri hadi Murang'a atakumbukwa kila jioni, hata na wasiomjua. Mama hakutaka zaidi ya hilo. Aliposikia bendi inarudi, alinituma: "Waambie wamtaje tu. Sauti yake haiko popote. Angalau jina liwe mahali."

"Bila shaka ametajwa," akasema mpiga besi, lakini alikuwa akiangalia mbao.

Santuri ilianza kuuzwa Jumamosi ya soko. Duka lilikuwa mjini Nyeri, la mzee mmoja wa mtaa wa Majengo, Mwislamu, ambaye ukimwuliza kabila lake hukujibu, "Mimi ni wa hapa," na kweli watu wake walikuwa hapa kabla baadhi ya barabara hazijakuwa hapa. Aliuza redio, betri, tambi za taa na santuri. Juu ya mlango alitundika spika, na ndani, juu ya kaunta, alikuwa na mashine ya kuchezea santuri za kwetu. Mashine ile ndiyo iliyofanya yote niliyokusudia kuyaeleza.

Nilitoka kazini mchana nikakata njia kwenda mjini. Nilikuwa bado upande wa pili wa barabara niliposikia magitaa, yanakimbia vile vile kama zamani, kama mbwa wamefunguliwa. Watu walikuwa wakicheza kwenye matope mbele ya duka, akina mama wenye mizigo wanacheza na mizigo yao. Kisha sauti ikaingia. Ya msichana. Nyembamba, ya hasira, ya haraka. *Nimesimama Gatitu, basi la kwanza limepita.*

Nilishika mlingoti wa simu. Ningependa kusema nilishika kofia yangu au nilitulia kiume, lakini nilishika mlingoti.

Mama mmoja muuza kabeji akamwambia mwenzake, "Si ni yule msichana wao? Yule aliyekufa?"

"Ndiye! Ati walipata mkanda wake wa zamani Nairobi."

"Haki ya Mungu. Sikia vile anafoka!"

Nilingoja pale magitaa yanapobaki peke yake. Yakabaki. Na hapo ile sauti ya msichana ikasema, kwa kasi ya mbu, inamsalimia muuza mbolea wa Karatina, na mwenye mabasi, na mwenye bucha wa Gatitu, na chifu, na mke wa chifu. Kisha ikarudi kuimba. Dada yangu hakumjua muuza mbolea yeyote. Nikauachia mlingoti, nikaingia dukani.

Santuri kubwa ilikuwa imelala juu ya mashine ndogo, inaning'inia pande zote kama chapati iliyokizidi kikaango. Pembeni mwa mashine kulikuwa na swichi ya mwendo. Wanaozijua mashine hizo wanajua: santuri ndogo huzunguka mbio, mwendo wa arobaini na tano; santuri kubwa huzunguka polepole, thelathini na tatu. Bendi za kwetu zilikuwa hazijawahi kutoa kubwa. Kwa hiyo yule mzee, aliyechoka na vijana waliokuwa wakiichezea swichi yake, alikuwa ameifunga zamani kwenye arobaini na tano, kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Juu ya mpira vumbi lilikuwa limeshakuwa ngozi.

Ile haikuwa sauti ya dada yangu. Ilikuwa ya mzee wa kanisa mwenye kitambi, inakimbizwa.

"Mzee," nikamwambia, "hii santuri inataka mwendo mwingine."

"Mashine hii haina mwendo mwingine, mwanangu. Niliufunga."

"Husikii maneno yanavyokimbia?"

"Mimi Kikuyu changu ni cha kuuza betri tu," akasema. "Kwangu mimi nyote mnakimbia." Akachungulia nje ya mlango, watu wanaruka. "Hebu tazama. Santuri za polepole zimejaa kabati lile, hata panya hawazitaki. Hii wanaicheza tangu asubuhi. Unataka nitengeneze nini hapo?"

Nilikuwa nimeshasema kweli. Kweli yenyewe haikuwa na mteja.

Wiki ile ikawa ya ajabu. Uvumi ulipanda hadi Mukurweini pamoja na vikapu vitupu vya soko: msichana anaimba Nyeri. Kiongozi naye, mashineni kwake, alipongezwa na kila aliyekuja kusaga. "Mmerudi na mbio zenu zile zile!" wakamwambia. Yeye hakuwa amepita karibu na lile duka, na alifikiri ni maneno ya heshima. Mpiga besi alinieleza baadaye kwamba waliirekodi santuri ile kwa unyenyekevu mkubwa. Waliomba kabla ya kila wimbo. Walikubaliana kwamba haraka ni ya ujana na dhambi, na sasa watapiga kama watu waliokomaa. Wimbo wa dada yangu waliupunguza mwendo kabisa na yale matusi ya mwisho wakayatoa, wakaweka shukrani.

Jumapili nilikwenda nyumbani kumweleza mama. Nilimkuta ameanika gauni lake la kanisani na kitambaa cheupe cha kichwa, na haikuwa kwa ajili ya kanisa, kwa maana kanisani alikuwa ametoka.

"Mama, kuna jambo kuhusu ile santuri."

"Usiniambie."

"Ni kwamba ile sauti..."

"Wewe unajua kusema kweli kama mtu anayepiga msumari," akasema. "Nimekwambia usiniambie. Jumamosi nitakwenda nikasikie na masikio yangu."

Nikamtii, kwa sababu ni mama yangu. Lakini siku zile zote nilizopanga mbao nilikuwa nikiona atakavyosimama pale mlangoni, atakavyofurahi, na jinsi mtu mmoja tu atakavyomnyang'anya furaha ile kwa kidole kimoja. Wala sikujua nifanyeje mtu huyo asiwe mimi.

Jumamosi ikafika. Mama alishuka akiwa na kiondo na mwavuli, tukaenda moja kwa moja. Umati ulikuwa mkubwa kuliko ule wa kwanza. Watu walimfahamu kwa kunong'onezana, wakampisha, mpaka akafika kwenye kaunta yenyewe.

"Mzee," akamwambia mwenye duka kwa Kiswahili chake cha mlimani, "mimi niko na haja moja. Nataka kusikia mtoto yangu."

Mzee yule alinitazama. Mimi nikatazama tambi za taa. Akashusha sindano.

Magitaa yakatoka mbio. Sauti ikaingia. Mama alisimama wima, mwavuli ameukumbatia, macho ameyafunga. Hakulia. Kidole chake kimoja kilikuwa kikigonga mpini wa mwavuli. Alisikiliza salamu za muuza mbolea, za mwenye mabasi, za mwenye bucha, na midomo yake ikawa inasogea kidogo kama anayehesabu watu waliofika kwenye matanga. Salamu zikaisha. Kidole kikasimama.

Hapo ndipo vurugu ilipoanza nje. Bendi ilikuwa imekuja kupokea umati wake. Wamevaa suti zile zile za kwenye jalada, kiongozi mbele, mkono umeshanyanyuliwa kusalimia. Nilimwona akisikia. Mkono ulibaki juu, ila uso ulishuka.

"Nini hiyo?" akauliza. "Hiyo ni nini?"

"Ni nyinyi!" kijana mmoja akamwambia.

"Hiyo si sauti yangu!"

"Kweli si yako, ni ya yule msichana! Wewe ulikuwa unaimba kama trekta!"

Watu wakaangua kicheko. Kiongozi akajipenyeza ndani, jasho linamtoka kwenye kola, akafika kwenye mashine. Akauona mpira. Nadhani hajawahi kumtazama shetani mwenyewe kwa chuki kama aliyoitazamia tyubu ile ya baiskeli.

"Mzee, umeniharibia kazi! Hii ni longplei, santuri kubwa! Longplei! Tumepiga hii kwa utulivu, kwa kicho, na wewe umetufanya tuwe nyani!"

"Nyani wanaouzwa," akajibu mzee.

Kiongozi hakungoja. Akaung'oa mpira, akasukuma swichi, akarudisha sindano mwanzo wa wimbo.

Ikatoka sauti nzito, ya kukohoa, inayotembea kama ng'ombe aliyeshiba. *Ni-me-si-ma-ma Ga-ti-tu.* Kila basi lilichukua muda wake kupita. Nje waliokuwa wakicheza walisimama mguu mmoja juu, hawajui waushushe lini. "Amesimama sana huyu," mtu akasema. "Mletee kiti." Muuza kabeji akajitwika mzigo wake. Mwingine akauliza kama kuna msiba mahali. Kabla yule mdogo mtu hajafika na habari za ng'ombe na kupe, mlangoni walikuwa wamebaki wachache, na wawili kati yao walikuwa wamejikinga mvua tu.

Mama alikuwa bado pale, amefungua macho. Nikaona wakati wangu umefika, na nisiposema sasa nitakuwa nimemdanganya kwa kunyamaza.

"Mama," nikamwambia kwa lugha yetu, "ile ya kwanza haikuwa..."

"Najua," akasema. "Nilijua kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Mtoto wangu alivuta pumzi katikati ya neno. Huyu anavuta mwisho wa mstari, kama mtu wa kwaya." Akamgeukia kiongozi, na hapo akarudi kwenye Kiswahili, nadhani ili mwenye duka naye asikie. "Wewe. Mbona hukumtaja?"

Kiongozi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama, nafasi ilikuwa ndogo. Santuri iko na kipimo chake."

"Muuza mbolea alitosha."

"Mama, yule alitusaidia sana."

"Na mke wa chifu?"

Kiongozi akainamia kaunta. Mpiga besi alikuwa amejibanza nyuma ya redio kubwa, kalamu zake zinaonekana juu. Mpiga ngoma peke yake ndiye aliyekuja akamshika mama mkono kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema, "Mama, tulikosa," na hakuongeza la utulivu wala la kicho.

"Mzee," mama akamwambia mwenye duka, "weka ile ya mbio tena."

"Hapana!" kiongozi akasema. "Hiyo ni santuri yangu. Sikubali."

Yule mzee wa Majengo aliuokota mpira sakafuni, akaupulizia vumbi, akauvuta kujaribu kama bado una nguvu.

"Santuri ni yako, bwana," akasema. "Mashine ni yangu."

Akafunga. Akashusha sindano. Magitaa yakakimbia tena, na sauti ikaingia ikikimbia nyuma yao, nasi sote tulijua sasa ni ya nani, mwenyewe amesimama mbele yetu ameinamia kaunta. Haikupunguza kitu. Mpiga ngoma aliweka mikono juu ya katoni ya betri. Mwanzoni alikuwa anaiegemea tu. Kisha vidole vikaanza, kisha viganja, mapigo yale yale ya mikebe ya mafuta, kitambi kinacheza ndani ya suti mpaka kifungo kikaruka. Walipofika pale kwenye salamu, pale magitaa yanapobaki peke yake, mpiga ngoma alipaza sauti akalitaja jina la dada yangu juu ya la muuza mbolea. Alilitaja na la baba yake na la kijiji chake, kama inavyotakiwa. Mlangoni mtu akaitikia. Wengine walikuwa wameanza kurudi.

Kiongozi hakucheza. Lakini niliyemtazama kwa karibu ni mimi, na ninasema niliyoyaona: wimbo ulipofika mwisho, mahali pale walipotoa matusi wakaweka shukrani, midomo yake ilisogea, na haikuwa inashukuru. Ilikuwa inautukana mji, kuanzia posta.

Mama alingoja mpaka sindano ikaanza kukwaruza katikati. Ndipo akaniambia, kwa sauti ya chini, "Sauti si yake. Yake ilikuwa na mkwaruzo. Lakini mwendo ni wake." Akafungua fundo la kitambaa alimoweka hela zake.

"Unataka santuri, mama?" mwenye duka akauliza.

"Hapana. Mashine sina. Mimi niko na redio. Nipe betri zake." Akamtazama kiongozi kutoka viatu hadi tai. "Na zisiwe zile za mwendo wa polepole."